Mzee wa Pili

Stelingi hafi. Kila mtoto wa Mkamba aliyewahi kupenya chini ya turubai la banda umiza alilijua hilo kabla hajaijua jedwali la kuzidisha. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kutumbukia mtoni na gari lake, anaweza kufungwa kamba juu ya reli, lakini hafi, na ukiona amekufa ujue kuna Sehemu ya Pili. Kwa hiyo macho yetu yalikuwa kwake tu. Wengine wote waliomo kwenye picha tuliwaita watu wa kufa.

Baba yangu alikuwa na tabia ya kuwaangalia watu wa kufa.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Kidatu. Kwa asiyepajua, Kidatu ni pale Mto Ruaha Mkuu unapotoka milimani na kuingia kwenye tambarare ya miwa. Barabara ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara inavuka daraja, Milima ya Udzungwa imesimama upande wa magharibi kama ukuta, kiwanda cha sukari kinatoa moshi, na nyuma ya mlima kuna bwawa lenye mitambo ya umeme ya megawati 204. Reli mbili pia zinakutana pale, ya TAZARA na ile inayotoka Kilosa, lakini moja ina upana wa milimita 1,067 na nyingine 1,000, kwa hiyo mzigo hauwezi kupita moja kwa moja. Lazima uhamishwe behewa. Msimu wa kuvuna ukianza, usiku mashamba yanachomwa moto kabla ya kukatwa, na asubuhi mama zetu wanakuta nguo walizoanika zina majivu meusi marefu kama nyuzi. Wakata miwa wanakuja kutoka kila mkoa. Wana hela kidogo na jioni hawana pa kwenda. Banda umiza liliishi kwa ajili yao.

Mabenchi yalikuwa ya mbao za mirunda. Televisheni ya inchi 21 ilikaa juu ya makreti ya soda na deki ilifungwa mnyororo. Kiingilio kilikuwa shilingi 100 kwa mkubwa na 50 kwa mtoto. Umeme ukikatika, na ulikatika, mwenye banda aliwasha jenereta, na kila mara kulikuwa na mtu wa kusema kwa sauti kwamba sisi ndio tunaolala miguuni pa bwawa.

Kanda zilizotafsiriwa na akina Lufufu zilikuwa bado hazijaanza kutufikia kwa wingi. Picha za kivita na za karate hazikuhitaji mkalimani. Lakini mwenye banda alikuwa na kanda chache zilizoachwa na mhandisi mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao, na hizo zilikuwa picha za makauboi za zamani, zenye maneno mengi na risasi chache. Hapo ndipo Baba alipopata kazi yake ya jioni. Mchana alikuwa dereva wa trekta la miwa. Alikuja kutoka Mbinga mwaka 1974 akiwa kijana, akakata miwa misimu minne, kisha akajifunza kuendesha. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota, neno hapa neno pale. Lakini hakuwa na aibu, na sauti alikuwa nayo. Alisimama pembeni ya televisheni na fimbo ya mwanzi, akatueleza nani anasema nini. Malipo yake yalikuwa kuingia bure pamoja na mtoto mmoja. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Kanda tuliyoirudia zaidi ilikuwa *Rio Bravo* ya mwaka 1959. Stelingi ni John Wayne, na sisi tulimwita Joni. Amemkamata jambazi, amemfungia kwenye lokapu ya kijiji, na genge la jambazi limezunguka mji kusubiri nafasi ya kumtoa. Ndani ya lokapu kuna mzee mmoja kilema, ndevu nyeupe, sauti kama mlango mbovu, amekaa na bunduki yake akilinda mahabusu na kulalamika. Analalamika kuanzia mwanzo wa picha mpaka mwisho. Baba alimwita Mzee Kibogoyo.

Kibogoyo alipofungua mdomo, Baba aliacha kutafsiri maneno ya wengine wote. Stelingi anaweza kuwa anasema jambo zito na yule mwanamke, Baba atasema tu, "Wanapendana hao," kisha atageuza fimbo kuelekea kwenye lokapu. "Sasa msikilizeni mzee. Anasema: nimekaa humu siku ya ngapi leo? Nani ameniuliza kama nimekula? Posho ya msimu uliopita mpaka leo sijaiona!" Wakata miwa walicheka mpaka mabenchi yakalia. Kuna mahali Joni anambusu mzee utosini kwa mzaha, na mzee anamchapa na ufagio. Baba aliomba kanda irudishwe nyuma hapo, kila mara, na mwenye banda alirudisha ingawa deki ilikuwa inatafuna.

Halafu siku moja ikawekwa kanda nyingine, *Red River*, ng'ombe maelfu wanaswagwa kutoka Texas. Baba alisimama na fimbo yake, akaanza, akanyamaza. Akaisogelea televisheni. "Ni yule," alisema. "Kibogoyo. Amekuja na huku." Na kweli alikuwa yeye, safari hii mpishi wa msafara, ambaye anacheza kamari na Mhindi Mwekundu mmoja mpaka anapoteza meno yake ya bandia, na tangu hapo inabidi ayaazime kila akitaka kula. Sijawahi kumwona Baba akicheka vile. Alishindwa kutafsiri. Watu walianza kudai hela zao.

Nadhani kilichomfurahisha si mzaha wa meno tu. Ni ile kumkuta tena. Joni kuwa kwenye kila picha haikuwa habari, picha ilitengenezwa kwa ajili yake. Lakini yule mzee alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma mara ya pili, na hakuna aliyemtangaza.

*

Mwaka 2010 nilimaliza kidato cha sita na nilikuwa nyumbani nikisubiri kwenda chuo. Mwezi wa saba wakaja watu wa picha kutoka Dar es Salaam. Bongo Movie wakati huo ilikuwa imepamba moto, kila wiki kaseti na sidii mpya, na hawa walitaka miwa na daraja. Walikuwa kama tisa kwenye Hiace moja, wana kamera moja na taa mbili. Sitawataja, wala picha yao sitaitaja. Ilikuwa picha ya kawaida tu: kijana tajiri wa mjini anarudi kijijini kutafuta nyumba ya bibi yake.

Walihitaji wazee wawili wa kumwelekeza njia. Walimchukua Baba kijiweni, kwenye kahawa, kwa sababu alikuwa na mvi na alikuwa anaongea zaidi ya wengine. Waliahidi shilingi 50,000. Kulikuwa na karatasi ya kusaini, akasaini. Nakala hakupewa, na hakuomba.

Usiku ule hakulala. Alikuwa na mistari mitatu. *Unamtafuta nani, mwanangu? Nyumba ile imebomolewa. Nenda kaulize kanisani.* Mama alikaa na kibatari, umeme ulikuwa umekatika, akiwa ndiye kijana wa mjini, na Baba akaja kutoka chumbani mara ishirini. Mara ya kumi hivi niliona anachechemea. Nilimuuliza mguu umefanya nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. "Huyu mzee ni kilema," alisema.

Kesho yake muongozaji alimwambia, kwa heshima, "Mzee wangu, tembea tu kawaida." Baba akaitikia. Kamera ilipowashwa akachechemea. Wakarudia. Akachechemea tena. Jua lilikuwa linazama, betri ilikuwa inaisha, wakaiacha hivyo.

Walimpa shilingi 10,000 wakasema nyingine itakuja na basi. Kwa miezi miwili alipiga ile namba. Mwanzoni iliita, baadaye ikapokewa na mtu aliyesema yeye si mhusika, mwisho haikupatikana. Mama alisema aache, hela ya soda ndiyo hiyo. Baba hakuwa analia hela, au si hela peke yake. Alichouliza kila mara ni, "Itatoka lini?"

Ilitoka mwaka uliofuata. Nilikuwa chuoni, nikasimuliwa. Banda lilijaa hadi watu wakasimama nje. Sekunde kama arobaini, Mama alisema. Watu walipiga kelele, mwenye banda akarudisha nyuma mara tatu. Baba alisubiri mpaka mwisho kabisa, wakati majina yanapopanda na watu wanasukumana kutoka, akasogea karibu na kioo kama alivyofanya siku ile ya Kibogoyo. Jina la stelingi lilikuwepo, la aliyeshona nguo lilikuwepo. Kwake waliandika: Mzee 2.

*

Mimi nilikwenda Mlimani kusoma sanaa za maonyesho, na nikawa mjinga kwa namna ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa. Nilijifunza kudharau. Katika muhula wa pili niliandika insha kuhusu vichekesho vya Bongo, na humo nikamshughulikia King Majuto. Niliandika kwamba ni kelele tupu, mzee anayekodoa macho na kukimbia, kwamba anacheza mtu yule yule kwenye kila picha. Nilipata alama nzuri. Likizo nikaipeleka nyumbani, nikamsomea Baba, sijui nilitegemea nini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umemwangalia au umemsikia tu?"

Nilijibu kwamba nani asiyemjua Majuto. Na ni kweli hakukuwa na wa kutomjua. Jina lake ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, mwaka 1948. Alianza kupanda jukwaani mwaka 1958, bado mtoto. Anahesabiwa kuwa mchekeshaji wa kwanza hapa kwetu kurekodi vichekesho vyake kwenye kanda za VHS na kuziuza, na kanda zile zilivuka mipaka mpaka nchi jirani. Sinema za Bongo zilipokuja, yeye hakuhitaji kuzaliwa upya. Alihamisha tu ile miguu na yale macho. *Inye*, *Daladala*, *Dereva Taxi*, *Mtego wa Panya*, *Chips Kuku*, *Mke wa Mtu Sumu*: ukitaka kuziorodhesha zote utachoka wewe kabla hazijaisha. Baba mwenye nyumba, mlinzi, mganga, mzee mwenye tamaa ya vimwana, babu bahili. Vijana walikuja na kupita pembeni yake, na mmoja wao, Sharo Milionea, waliyependana sana kwenye kioo, alikufa kwa ajali ya gari huko Muheza Novemba 2012 akiwa bado kijana kabisa, na mzee akabaki anaendelea na kazi.

"Nenda kamwangalie," Baba alisema. "Usimwangalie anapoongea. Mwangalie anaposemeshwa."

Nilimwangalia kwa hasira kidogo, nikitaka Baba akosee. Hakukosea. Majuto ana jambo moja ambalo waigizaji wengi wetu wa wakati ule hawakuwa nalo: anasikia. Mwenzake anasema, na uso wa Majuto unaanza kubadilika kabla sentensi haijaisha, polepole, kutoka kutokuelewa hadi kuelewa vibaya. Anachelewa nusu sekunde kujibu. Ile kelele niliyoiandika kwenye insha inakuja baada ya hiyo nusu sekunde, na ndiyo inayoibeba. Waandishi wa hati za picha nyingi hawakumwandikia kitu; waliandika "Majuto anaingia" wakamwachia mwenyewe. Bado nasema picha nyingi alizochezea zilikuwa mbovu. Baba naye alisema hivyo hivyo. "Nyumba mbovu," alisema, "lakini fundi wa mlango alikuwa mzuri."

*

Kibogoyo nilikutana naye tena darasani, mwaka wa pili. Mwalimu alizima taa, akawasha projekta, akasema tutaona kipande cha filamu ya Howard Hawks. Lokapu. Ndevu nyeupe. Nilisema kwa sauti, darasa zima likasikia, "Kibogoyo!"

Baada ya kucheka kwao ndipo nilipopata jina. Walter Brennan. Alizaliwa mwaka 1894 huko Massachusetts, alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia nchini Ufaransa, na alipofika California na mambo yakamwendea vibaya, akaingia kwenye sinema kama mtu wa kujaza nafasi, wale wanaosimama nyuma ya stelingi sokoni na kulipwa kwa siku. Mwaka 1932 alipata ajali kazini akang'oka meno mengi. Watu wengine wangeona kazi imeisha. Kwake ndiyo ilianza, kwa sababu akiwa chini ya miaka arobaini aliweza kutoa meno ya bandia na kuwa babu. Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba alipopelekwa kwa Hawks kwa mara ya kwanza, alimuuliza muongozaji: kwa nayo au bila nayo? Hawks hakuelewa. Alikuwa anauliza habari ya meno.

Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi ilianzishwa kwa filamu za mwaka 1936, na wa kwanza kuichukua upande wa wanaume alikuwa yeye. Akaichukua tena kwa filamu ya 1938. Na tena kwa ya 1940. Inasemekana siri ni kwamba siku zile wale wajaza nafasi walikuwa na haki ya kupiga kura, walikuwa maelfu, na walimjua Brennan kama mwenzao aliyetoka benchi moja nao. Baadaye haki hiyo wakanyang'anywa. Naamini kisa hiki, na hata kama kura zao hazikutosha peke yake, napenda kuwaza kwamba zilikuwemo.

Sinema ya Marekani ya wakati ule ilikuwa na jeshi zima la watu kama yeye. Thomas Mitchell peke yake, katika mwaka mmoja wa 1939, alionekana kwenye filamu tano ambazo bado zinaangaliwa, ikiwemo *Stagecoach* iliyompa Oscar na *Gone with the Wind*. Studio ziliwaajiri kwa mshahara na kuwahamisha kutoka picha moja kwenda nyingine kama trekta linavyohamishwa shamba. Mtu kama Brennan alifikisha zaidi ya kazi mia mbili kwa mtindo huo.

Nilimpigia Baba jioni ile.

"Shikamoo, Baba. Kibogoyo anaitwa Walter Brennan."

"Marahaba." Akanyamaza. "Kwa hiyo hakuwa kibogoyo?"

"Alikuwa. Meno yaling'oka kweli."

"Na tuzo alipata?"

"Tatu. Oscar tatu."

"Na Joni?"

"Moja. Mwaka 1970, ameshazeeka."

Alicheka mpaka salio likaisha. Mama aliniambia kesho yake kwamba ametembea kijiwe hadi kijiwe, mpaka ng'ambo ya daraja, akiwaambia watu habari ya tatu kwa moja.

Niliendelea kusoma, na hilo lilikuwa kosa, kama ni kosa. Nikafika mahali panapoeleza kwamba Brennan uzeeni alikuwa mtu wa siasa kali za mrengo wa kulia, na kwamba alipinga harakati za haki za kiraia za watu weusi nchini mwake. Yaani yule mzee ambaye Baba alimpa mdomo wake, ambaye alimfanya adai posho ya msimu kwa niaba ya wakata miwa wa Kilombero, asingependa kukaa benchi moja nasi. Nilibaki na simu mkononi. Nilifikiria namna ya kumwambia. Nilisema nitamwambia likizo. Likizo ikaja, tukakaa barazani, na akaanza kuchechemea kuelekea kwenye mtungi wa maji kunichekesha, na sikumwambia. Sijamwambia mpaka leo. Sijui kama ninamlinda yeye au ninaulinda mwaka 1998. Kuna wakati nafikiri angecheka tu na kusema kwamba hata huyo hakujua nani anamtafsiri.

*

Mwaka 2018 Majuto aliugua. Alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, akalazwa tena Muhimbili. Mwaka huo huo suala la mikataba ya wasanii lilifika kwa waziri aliyehusika na sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, naye akatangaza kamati ya kuipitia, na mikataba ya Majuto ilikuwa miongoni mwa iliyotajwa. Baba alisikia kwenye redio. Alinipigia, jambo ambalo halifanyi, yeye hubipu.

"Unasikia? Hata yeye ni karatasi."

"Nasikia, Baba."

"Sasa mwenye jina kubwa vile, karatasi ikamshinda." Akakaa kimya kwa muda mrefu. Niliona ile saini yake ya mwaka 2010, herufi kubwa zilizopinda, na nakala ambayo hakuomba. "Basi mimi nilikuwa na haki ya kushindwa," alisema. Sikujua kama anatania.

King Majuto alifariki tarehe 8 Agosti 2018, akiwa na miaka sabini, na akazikwa kwao Tanga. Kidatu nilisikia banda, ambalo siku hizi ni la mpira wa Ulaya na lina kioo kipana cha ukutani, liliweka sidii zake siku mbili mfululizo bila kiingilio. Ilikuwa msimu wa kuvuna. Wakata miwa vijana, ambao wengi walikuwa wachanga au hawajazaliwa Baba alipokuwa na ile fimbo, walijaa. Mama alisema alicheka, akalia, akacheka.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Baba meno ya mbele hana tena, juu mawili na chini moja, na anasema ameamua kuyaacha yaende, kwa sababu sasa angepata kazi. Nilikuwa nimepata ile picha ya mwaka 2010 kwenye intaneti. Mtu ameipakia nzima, rangi zimefifia, sauti inakwaruza. Nilimwekea kwenye simu tukiwa barazani, nikaisogeza mpaka dakika yenyewe. Nilihesabu. Sekunde thelathini na nane.

Anakuja kutoka kwenye miwa, anachechemea. Kijana wa mjini anauliza. Na Baba, kabla ya kujibu, anamtazama tu, kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Nusu sekunde. Ndipo anasema nyumba ile imebomolewa. Sikuwahi kuiona. Miaka yote nilikuwa nimesimuliwa.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Tukaangalia mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne aliweka kidole juu ya kioo, si juu ya uso wake. Nyuma yake, kushoto, mtu anapita na baiskeli ameweka mzigo wa majani ya ng'ombe, anageuza shingo mara moja kutazama kamera, kisha anatoweka nyuma ya miwa.

"Huyu unamjua?"

Sikumjua. Akanitajia jina, jirani wa zamani wa ng'ambo ya reli, aliyekufa mwaka mmoja baada ya picha ile.

"Hakuwa anaigiza," Baba alisema. "Alikuwa anapeleka majani tu. Rudisha tena, nataka nione kama ametucheka."

Nikarudisha.